Hina na Wino

Mavyaa,
barua yako imefika juzi kwa basi la Mombasa,
ikavushwa Mokowe chini ya gunia la vitunguu.
Sijui kusoma hata herufi yake moja.
Nimetambua tu ule wekundu wa chini,
kidole gumba chako, kimelala ubavu
kama kokwa ya tende.
Somoe alipokiona alipiga ukelele:
"Mama, bibi ametiwa hina!"

Mkalimani wa Nairobi ametutoza kwa ukurasa.
Anasema umeandika: nitamlisha, nitamlaza,
nauli ya kurudi ipo, hatabaki siku moja bila ruhusa.
Huku Langoni mtu akimwambia mkwewe hivyo
kikao cha wazee kitaitishwa.
Lakini nimeelewa. Ni fomu iliyokutamkisha.

Mimi nawe tuna neno moja, mkwe.
Wewe mkwe wangu, mimi mkwe wako,
linakwenda na kurudi bila kugongwa muhuri.
Fomu haina kisanduku chake.
Yauliza nani kamzaa nani, kwa ushahidi upi,
nakala mbili, na asili yake ionyeshwe.

Mwanao aliposilimu aliitwa Idrisa.
Cheti cha kadhi kinasema Idrisa.
Pasipoti inasema Guo Zhenhai.
Cheti cha kuzaliwa cha Somoe kinasema Zhenhai Guo,
maana karani alidhani ukoo mzima mmekosea,
akawasahihisha.
Wanaume watatu, na mke ni mimi peke yangu.
"Huyu Idrisa yuko wapi sasa?" afisa akaniuliza.
Yuko Kililana, anachomea vyuma,
magharibi atakuja kula mkate wa mofa
na kulalamika kwamba chai ina sukari.
Sikumjibu hivyo.
Nilikwenda kwa wakili, nikaapa
kwa shilingi elfu mbili na mia tano
kwamba mume wangu ni mmoja.

Kisha vidole.
Saa nane barabarani, vizuizi vya polisi, shuka, panda, shuka,
nafika dirishani Mombasa na kioo cha mashine
hakinioni.
Wiki ile tulikuwa tumemwoza binamu yangu Mwanapwani,
ncha zote kumi zimeiva piko.
"Mama, huna alama," kijana akasema, bila ubaya.
"Rudi ikifutika."
Nikasugua kwa ndimu. Nikasugua kwa jiki.
Mama yangu akaniangalia, akasema
hajapata kuona mtu akiisugua harusi itoke.

Picha nayo: masikio yaonekane, asicheke.
Mpiga picha alitundika shuka nyeupe ya kitanda chake mwenyewe.
Somoe akacheka mara nne.
Ya tano alikuwa amechoka, amenuna,
na Idrisa alipoiona alinyamaza kidogo, kisha akasema
huyo ni mamangu, akipima mchele.

Faili lote liko kidakani,
pale bibi yake bibi yangu alipopanga sahani za kwenu,
zile za samawati. Moja imebaki, ina ufa.
Hakuna aliyewahi kuiuliza
iliingia kwa viza gani.

Usiku unapiga simu.
Ukitaka kukohoa, unaipeleka simu mbali.
Tunakusikia, Mavyaa.
Idrisa hujifanya mtandao umekatika.

Jumanne mashine ilinikubali, vidole tisa kwa kumi.
Ile nakala ya barua yako waliyoikataa,
eti ina kivuli, sikuitupa.
Jana Somoe alichovya kidole
katika bakuli la hina lililosalia
akakigandamiza kando ya chako,
kidogo, kimepinda, kimevuka mstari.
Sasa haifai kwa ofisi yoyote duniani.

Kohoa taratibu, mkwe.
Namba yetu haijaitwa.