Mpwani wa Mlimani

Mpangaji wa chini amenigongea tena:
Jumamosi ana wageni,
nimpikie biriani, "si wewe ni Mpwani?"

Mimi, Mkawasi wa Mwakisha,
mzaliwa wa Mgange, ndani ya ukungu,
ambako mtoto huvishwa sweta kabla ya jina.
Bahari niliiona nina miaka kumi na tisa
nikaiogopa: haina mahali pa kupanda.

Nikamwambia, najua kimanga.
Akacheka. Alidhani ni utani.

Mchana niko Ngara, ghorofa ya pili, nasugua mawe.
Gurudumu linanguruma, maji yanatona,
kijani kinafumbua jicho taratibu
kama mgonjwa aliyepata nafuu.
Mkebe hufika na basi la usiku kutoka Voi,
umefungwa kamba ya katani.
Hata kamba ni ya kwetu,
ya yale mashamba ya Mwatate, mistari iliyonyooka
hadi jicho likachoka,
ingawa mashamba si yetu.

Maghanga, mdogo wangu, anachimba kule Kasighau.
Yeye hulipwa kwa kiganja.
Huku tajiri anapima kwa karati,
kibano mkononi, pumzi ameizuia.
Kati ya kiganja na karati
ni kilomita mia tatu na ushei,
na kila mmoja njiani amelamba kidole.

Ukutani pana ramani.
Wilaya yetu karibu yote imepakwa rangi ya mbuga,
tembo wamekaa kitako,
sisi tumening'inia juu, kwenye matuta,
na kabichi zetu, na mawingu yetu.
Maji ya Mzima yanashuka Mombasa kwa bomba,
yanaiona bahari kila siku bila nauli.
Mama bado anauliza bei ya mtungi.

Mombasa waliniita mtu wa bara.
Sikubisha. Nilikuwa natetemeka kwa joto,
kama inawezekana.

Mkebe ukiisha mawe, hubaki vumbi jekundu.
Bosi husema, mwaga.
Mimi nimelitia kwenye kopo dirishani,
nikapanda kitunguu. Kimeota kimepinda.

Jumamosi nikashuka na sufuria:
muhogo na maharage, vimepondwa kwa mwiko
hadi bega likalalamika.
Wageni wakatazamana.
Kitoto kimoja kikachovya kidole, kikalamba,
kikauliza, "Huyu ni samaki gani?"

Wa kwetu, nikasema.
Haogelei huyu. Anapanda.