Sekunde Arobaini na Moja

Kila Jumatatu, jua halijashika mgongo wa genge,
nashuka na ndoo ya lita ishirini, simu yenye saa,
na daftari la Jumuiya ya Watumia Maji
ambalo panya wameshaanza kulihariri.
Natega ndoo chini ya jiwe. Nabonyeza.
Sekunde arobaini na moja.
Mwaka juzi zilikuwa ishirini na sita.
Naandika. Ndiyo kazi yangu; posho yake haifiki chumvi.

Juu kule Newala ardhi ni mchanga mwekundu.
Mvua ipige alfajiri, adhuhuri huoni hata kidimbwi
cha kuoshea kisigino.
Uwanda mzima ni koo.
Maji hushuka gizani, punje baada ya punje,
mwaka, miaka, nani alikwenda nayo akayahesabia hatua?
mpaka yakute udongo wa mfinyanzi unaosema: basi.
Yanageuka upande, yanapapasa ukuta, yanatafuta mlango.

Mlango ni huu.

Basi tone hili kwenye ukucha wa jiwe
huenda lilianguka siku bibi yangu, Nantende binti Chilumba,
alipotolewa ndani, kichwa kipya, mafuta ya mbarika yakimchuruzika shingoni,
wakamshusha hapa kwa vigelegele
aoshwe, aambiwe ya kuambiwa,
na ya chemchemi pia, maana nayo ni mwili:

sufuria lenye masizi lisiguse maji;
sabuni iishie jiwe la tatu;
mkuyu haukatwi, hata kwa kuni za msiba;
ukimkuta kaa, mpishe,
wewe umekuja kuchota, yeye yuko kwake.

Sababu hakupewa, nasi hakutupa.
"Medi yanasikia," alisema, akajitwika ndoo,
akaukwea mlima kilomita saba
bila tone kumgusa kope.

Akaja fundi wa mradi, kijana mpole, buti jipya.
Akajenga sanduku la saruji, akalivalisha bomba,
akalipaka buluu, akaandika tarehe.
Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, nisiwasingizie wengine.
Wiki ya tano bomba likakohoa vumbi.
Maji yalikuwa yamehamia hatua kumi bondeni,
kwenye mapaja ya mkuyu,
yanatoka polepole, kama mtu aliyeondoka kwenye kikao
bila kuaga na bila kugombana.
Sandukuni sasa wanakaa mijusi. Watoto huficha humo mpira.

Ningependa shairi liishie hapo, tucheke, twende.
Lakini ndoo haichekwi.
Arobaini na moja.

Nani ameyapunguza? Nikatafuta mwizi bondeni,
nikakagua nyayo, nikamshuku Mchekenje na ng'ombe wake.
Kisha usiku, nikipepeta mihogo, nikakumbuka kishindo cha panga:
la marehemu baba, juu kule, kwenye kichaka
ambacho leo ni mikorosho yangu, mistari imenyooka kama shule.
Korosho zilinisomesha.
Ninaandika tarakimu hii kwa mwandiko zilioulipia.

Na mwaka jana nami nikafyeka ekari mbili.
Hizo bado hazijaingia daftarini.
Zinashuka.
Zitafika kwenye jiwe siku ambayo mjukuu wa mtu
atategesha ndoo hapa, abonyeze, asubiri,
asubiri,
ashuku ng'ombe wa jirani.

Ekari ya tatu nimeiacha na miiba yake.
Kaka ananiuliza kama nafuga nyani.
Mvua ya Alhamisi ilikanyaga majani makavu pale,
ikakawia kidogo, ikazama.
Sitaiona ikitoka.

Naosha mikono chini, kupita jiwe la tatu.
Kaa amejitokeza nusu, jicho moja juu ya kijiti, ananipima.
Chini ya arobaini na moja naongeza mstari:
kaa, mmoja.
Jumuiya haikuniomba hesabu hiyo.