Karai la Fundi Hatibu

Miezi minne nilijaza upepo kila alfajiri.
Pampu nyuma ya mlango, kanga nimeikaza kiunoni,
thelathini, arobaini, mpaka kwapa liloe,
kisha huyo, Chumbageni hadi Bombo, kuwahi zamu.
Jioni tairi limebonyea kama andazi la juzi.
Watu wakasema, Eunike, kaone fundi.
Nikasema, upepo ni bure.

Na Jumapili nilikuwa hivyo hivyo.
Naimba sauti ya pili hadi mishipa ya shingo inatoka,
narudi nyumbani nimejaa, hata mtaro nauruka.
Ikifika Jumatano
siwezi kumgeuza mgonjwa kitandani bila kununa.
Kwenye Sala ya Bwana, pale penye kusamehe,
nilikuwa nakohoa kidogo.
Kikohozi cha miezi minne. Hakuna aliyeuliza.

Siku ya mvua tairi likagoma Barabara ya Kumi na Tano,
mbele ya kibanda cha Hatibu,
kijana wa Kidigo, kofia imekaa upande,
redio yake inagombana na mvua.
Hakunihubiria. Ananidai mia tano hadi leo.

Akaichomoa tyubu kama utumbo wa samaki,
akaijaza, akaizamisha ndani ya karai
la maji meusi, maji yaliyokwisha kuona pancha za mji mzima.
Akaizungusha polepole, shibiri kwa shibiri.
Mimi nilisema ni valvu. Nilikuwa na hakika ni valvu.
"Dada, acha maji yaseme."

Maji yakasema:
kiputo kimoja, chembamba, kisha kingine,
mahali nisipopafikiria,
kama mtoto anayenong'ona nani kavunja kikombe.

Nikadhani basi, sasa kiraka.
Kumbe bado. Akachukua msasa,
akakwaruza pale pale penye kidonda
hadi mpira ukapauka.
"Pakiwa laini, gundi haishiki."
Akapaka, akapuliza, akangoja.
Mimi na zamu yangu tukangoja.

Halafu akatia vidole ndani ya tairi,
akapapasa mzunguko mzima, macho kafumba,
mara akashtuka, kidole kikatoka na damu.
Si msumari wa barabarani. Si chupa ya mlevi.
Ni uzi wa waya wa tairi lenyewe,
umekatika ndani, unachoma ndani.
"Ningebandika tu," akasema, akinyonya kidole,
"kesho ungerudi."

Yule mwanafunzi alitaka kutia kidole jerahani ndipo aamini.
Hapa aliyetia kidole ni fundi,
damu ikamtoka yeye,
na aliyeamini ni mimi,
nimesimama na mwavuli, sina hata mchubuko.

Maana nilikuwa nasema ni Priska.
Alibeba cherehani ya mama kabla tanga halijaondolewa.
Msumari wa barabarani, nilisema, ni dada yangu,
na wenzangu wa kwaya wakatikisa vichwa.
Sikuwaambia ya wodini, mchana mweupe,
mama ameshika mkono wangu wenye saa:
"Cherehani mpe Priska. Wewe una mshahara."
Nikaitikia, naam mama.
Kisha nikajisahaulisha.

Zamu ilipoisha sikwenda nyumbani.
Nilishika njia ya Makorora,
tairi gumu, barabara naisikia jiwe kwa jiwe.
Nje ya mlango wa bluu nikasimama.
Ndani cherehani inakwenda, inasita, inakwenda,
mguu wa dada, mdundo wa mama.

Sikuwa na maneno. Hata kikohozi kilikataa.
Nikapiga kengele ya baiskeli.

Cherehani ikanyamaza.