Ukurasa Uliolowa Mafuta

Barua ilifika siku ya upepo,
ule wa Julai unaopeleka vumbi la Kizota
mpaka kwenye meno.
Kijana aliyeileta hakushuka kwenye pikipiki.
"Saini hapa, mama Chiloleti."
Nikasaini kwa mkono wenye mashudu.

Makadirio ya kodi.
Nilisoma tarakimu, nikadhani ni namba ya simu.

Nina kinu kimoja cha alizeti,
kinakula umeme kama mgeni asiyeaga.
Nina vijana wawili, Mlewa na Ndahani,
na mzani unaopigwa muhuri kila mwaka.
Sikatai kodi. Andikeni hilo kwanza.
Barabara inayoleta magunia yangu kutoka Kibaigwa
haikuota yenyewe kama mbigili.

Lakini mwezi wa nne, mwaka ule wanaousema,
nilikamua nini?
Mota iliungua. Kinu kilinyamaza
hata panya wakahamia kwa muuza karanga.

Jirani akaja jioni, sauti chini:
"Nenda na bahasha. Mambo yataisha."
Nikamwuliza: yataisha,
au yatakuwa yameijua njia?

Risiti za mashine hufifia.
Jua la Dodoma huzilamba herufi,
mwaka haujaisha unabaki na kikaratasi
kitupu kama ahadi ya mlevi.
Ndiyo maana kila magharibi nanakili kwa kalamu,
lita, bei, jina la mnunuzi,
katika daftari la kaunta,
na vidole vyangu, Mungu anisamehe,
havijawahi kukauka.

Siku ya kumi na tisa kati ya thelathini
nikapeleka pingamizi,
nikiwa nimelipa ile sehemu nisiyobishania.
Kurasa mbili. Sentensi fupi.
"Napinga, kwa sababu zifuatazo."
Kumbe neno hilo lina herufi sita tu.
Nikaomba nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa.
Karani akanitazama.
Nikasubiri.
Akagonga.

Waliponiita, mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha.
Ofisa Masinga, miwani yake imefungwa kwa uzi,
akalifungua daftari langu karibu na dirisha.
Ukurasa wa mwezi wa nne
nilikuwa nimeandika maneno mawili tu, juu kabisa:
*Mota imeungua.*
Chini yake, mauzo yamejaa.

Akaunyanyua ukurasa. Mauzo yakabaki nyuma.
Yalikuwa ya mwezi wa tano,
msimu wenyewe, foleni mpaka barabarani,
yakichungulia kupitia karatasi
ambayo mafuta yameigeuza kioo.
Aliyetoa nakala aliyahesabu mara mbili,
na maneno yangu mawili hakuyasoma.

Masinga hakuomba radhi.
Alichukua kalamu, akajumlisha upya,
midomo ikicheza
kama yangu.

Kilichobaki nikakilipa. Kilikuwa changu kulipa.
Wakanipa risiti.
Nikaketi kwenye ngazi za ofisi, upande wenye kivuli,
nikainakili.