Sakafu Isiyofagiwa

Mlango wangu uko ghorofa ya pili, Makadara,
juu ya duka la vifungo na nyuzi.
Kibao hakisemi mengi: Tiba ya Nyonga. Gonga.
Wanawake hupanda ngazi kimyakimya
kama waendao kukopa.

Wa kwanza leo ni Bi Zamzam wa Kibokoni.
Ameketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani.
Anaanza na bei ya tungule,
anapitia harusi ya binti ya nduguye,
ndipo anafika:
"Nikicheka, huvuja.
Basi nimeacha kucheka.
Mwaka wa nne huu."

Miaka minne!
Na kicheko chake, nimeambiwa,
kilikuwa kikitoka uani kikafika barazani,
wanaume wakanyamaza kukisikiza.

Simpi pole ya haraka.
Namtandikia mkeka, alale chali, magoti juu,
kiganja chini ya mbavu.
Namwambia: ndani yako mna sakafu.
Ile ya nyumbani waijua kila ufa,
waifagia alfajiri na magharibi.
Hii hujapata kuitembelea,
nayo imebeba watoto sita,
na ndoo, ule mwaka mifereji ilipokauka,
na kikohozi, na gunia la unga,
wala haijadai ujira.

Vuta pumzi. Si ya kifuani,
huko umekaa sana. Ishushe.
Sasa ukiitoa, inyanyue sakafu pole,
kama unyanyuavyo pindo la buibui
kuvuka kidimbwi cha Bondeni:
si juu ukaonekana muundi,
si chini likalowa.
Kisha iwachie. Iwachie yote.
Kuwachia nako ni kazi.

"Hilo tu?"
Hilo, na maji unywe, usijinyime kwa kuogopa choo.
Na ukikalia mbuzi kukuna nazi, usizuie pumzi.
Na chafya ikija, kaza kabla haijafika.
Na mkazamwanao, katika arobaini yake,
msimfunge leso ya tumbo hadi ahemee juu juu.
Mgongo utashikwa, sawa,
lakini kinachosukumwa chini nacho
chataka pa kwenda.

Saa saba nimeshaona watano.
Chai ya asubuhi imefanya utando.
Kibofu changu chapiga hodi tangu saa nne
nami nakijibu: ngoja, kuna mgonjwa.
Meno yameumana, mabega yako masikioni.
Mganga hajigangi, walisema,
nami nikadhani wanamsema mwingine.

Nafunga mlango. Dakika kumi.
Naenda chooni bila mbio, naketi kitako,
sichuchumai nusunusu hewani
kama tulivyofunzwa kwa vyoo vya watu.
Narudi, nalala kwenye mkeka wa wagonjwa.
Miaka saba nautandika, sijaulalia.
Kumbe dari ina doa la unyevu, umbo la papai.
Kumbe hapa chini baridi yapanda mgongoni.
Dukani, cherehani ya Mbwarali
yaenda, yakoma, yaenda,
pumzi yangu yaifuata kama mtoto afuataye mama sokoni.
Taya lalegea kwanza.
Kisha, huko chini, kitu
nisichojua nilikikunja lini
chakunjuka.

Mtu agonga. Nachelewa kumfungulia,
kwa makusudi, kidogo.

Wiki ya sita Bi Zamzam hakusema amepona.
Alisema: "Juzi, Mwembe Tayari,
yule muuza ndizi mwenye maringo
aliteleza juu ya ganda la ndizi yake mwenyewe."
Akanitazama. Nikamtazama.
Nikauona mkono wake ukienda mbavuni,
pumzi ikishuka,
halafu

huko chini, cherehani ikanyamaza.