Muhtasari, Ajenda ya Tatu

Mimi ndiye niliyeshika kalamu siku ile, Tandahimba,
ofisi ya kijiji, dirisha moja halina kioo.
Ajenda ya tatu: kangomba.
Bwana Afisa kasimama, shati limenyooka kama waraka.
Anayenunua, ndani. Anayeuza, naye ndani.
Sheria, akasema, haina mjomba.
Nikaandika: *Wajumbe walikumbushwa.*

Ndipo akainuka Bi Sikujua Nampoto,
hakungoja kuitwa.
"Mnada ni Oktoba. Sawa.
Januari mtoto anataka sare.
Machi ghala la mtama linalia kama debe,
Machi hiyohiyo mjukuu kalazwa Ndanda,
Juni mkorosho nao unadai salfa.
Hesabuni nyie wenye kalamu:
Machi mpaka Oktoba mtu anavuka na nini?
Niliuza maua.
Si korosho, maua,
nyuki bado wamekaa juu yake.
Bakuli kwa bei ya chumvi.
Haya, nifungeni.
Machi ijayo mtamfunga nani?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

Shaweji akadakia kutoka mlangoni:
chama cha msingi kitukopeshe Machi,
kikate chake mnadani,
mbona mwenye bakuli anakata na hakuna anayemuuliza riba?
Na malipo yetu, mwingine akasema,
yasilale benki hadi watoto wafukuzwe shule.
Afisa akaitikia: wazo zuri, litachakatwa.

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.
Mwenye bakuli ni kaka yangu, tumbo moja.
Bati linalonifunika usiku
limetoka kwenye maua ya watu.

Nikaandika: *Wananchi walieleza changamoto za kipato.*
Hatua: *linafanyiwa kazi.*
Mhusika:
nikaacha nafasi.

Gari la Afisa lilipokwisha kuondoka na nakala,
Bi Sikujua alinikuta nafunga mlango.
"Umeiandika Machi?"
"Nimeiandika."
Akaitazama kufuli, si mimi,
akajitwika kuni zake akaenda.

Nikafungua tena.
Nikakata *changamoto*, nikaandika *Machi*,
nikakandamiza hadi kalamu ikatoboa karatasi.
Kwenye ile nafasi nikaandika herufi mbili za jina la kaka,
nikazitazama,
ya tatu ikanishinda.

Nakala hiyo imo kasha la ofisi, chini ya daftari la vifo.
Iliyofika wilayani ni ile nyingine.