Nyuki Asiyecheka

Siku ya tatu, ukurasa mweupe kama unga wa muhogo.
Nilichora nyuki anayetabasamu; Bi Nshoma akamfuta kwa neno:
"Nyuki wangu hacheki. Anauma."
Nikajaza masega, pembe sita sita.
"Hiyo pakiti ya sabuni," akasema,
akarudi kupima lita.

Umeme ukakatika Chemchem yote.
Nikabaki dukani, kompyuta imefumba jicho,
namtazama akimimina asali ya Sikonge,
nyeusi, nzito, haina haraka,
uzi mmoja usiokatika
hata alipogeuka kumwambia mteja,
"Ile ya kiangazi inawasha koo."

Chupa kumi na moja dirishani,
kutoka giza la kahawa hadi rangi ya nyasi kavu,
na kila moja kikaratasi: kijiji, mwezi, jina la mrina.

Usiku umeme uliporudi nilifuta vyote.
Nikaacha uzi wa kahawia, unashuka, unashuka
na kidole cha msomaji,
na pembeni, kwa mwandiko wake uliopinda:
Kitunda. Mei. Luhende.

Asubuhi alitazama kimya,
akalamba kidole, akagusa kioo.
"Bei," akasema. "Umesahau bei."